Rumba na Bolero: Yametoka Wapi Maneno Yaliyo Kwenye Santuri Zetu?



Katika nyumba nyingi za Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe na Tanga mjini bado zimo sahani za santuri walizoziacha wazee. Zimewekwa juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda, na gramafoni yenyewe ilikwisha kufa zamani. Hebu toa moja, uifute vumbi, uisome. Katikati pana karatasi ya duara, wenyewe huiita lebo. Hapo utaona jina la wimbo. Utaona jina la bendi. Halafu, kwa herufi ndogo, mara nyingi utakuta neno moja limesimama peke yake: Rumba. Au Bolero. Au Cha-cha-cha.

Neno hilo linaeleza wimbo huo ni wa mtindo gani na unachezwaje. Lakini si neno la Kiswahili, wala si la Kiingereza. Katika vikundi vya kisomo tumeulizwa swali hili zaidi ya mara moja: maneno haya ni ya nani, na yalifikaje Tanga? Wengine hujibu wenyewe, "Ni ya Wakongo hayo." Wapo wanaosema ni mambo ya Wazungu tu, yaachwe. Vijana nao husema dansi ni letu tangu asili, halikutoka popote.

Tunaona kila mmoja ameshika kipande chake. Ila kipande kikubwa, yaani kazi iliyofanywa na watu wa Tanga wenyewe, kinasahaulika, na wanaokijua vizuri wanazidi kupungua kila mwaka. Kwa hiyo tumeona tuyaandike haya.

KISIWA CHA MIWA

Tuanze mbali kidogo. Maneno hayo yametufikia kwa Kihispania. Hispania ni nchi ya Ulaya, iko kusini kabisa, inatazamana na Moroko. Wahispania walikitawala kisiwa cha Kuba, kilichoko ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa karibu miaka 400, mpaka mwaka 1898. Kuba ni nchi ya miwa na tumbaku. Kazi ya mashamba ya miwa ilifanywa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa, na utumwa huko haukukomeshwa mpaka mwaka 1886. Wengi wao walitoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo na Angola. Lakini wapo pia waliopakiwa melini katika pwani ya Msumbiji, na huko Kuba wakajulikana kwa jina la Makua. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa Wamakua ni watu gani.

Sasa fikiria mashamba yetu ya mkonge wakati wa manamba. Mnyamwezi, Mmakonde, Muha, Mbena na Mrundi wamekutana katika kambi moja. Jumamosi usiku kila watu na ngoma yao, na baada ya muda ngoma zinaanza kuazimana. Mtumwa wa Kuba hakuwa manamba, tusichanganye: manamba alikuwa na mkataba na siku ya kurudi kwao, mtumwa hakuwa nayo. Lakini kwa upande wa ngoma mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mhispania alileta gita na namna yake ya kutunga mashairi. Mwafrika alikuwa na ngoma, manyanga, na ule uimbaji wa mmoja kuanzisha na wengine kuitikia. Upande wa mashariki wa kisiwa, karibu na mji wa Santiago, vitu hivyo vikaoana, ukazaliwa muziki ulioitwa son. Litamke "soni".

Mwanzoni mwa karne ya 20 son iliingia Havana, mji mkuu, na vikundi vikaanza kurekodi. Sexteto Habanero ilianza mwaka 1920, na Trio Matamoros ya Santiago mwaka 1925. Vyombo vyao havikuwa vingi: gita, gita jingine dogo lenye nyuzi za jozi tatu, bongo mbili zilizofungwa pamoja, manyanga, na vijiti viwili vigumu vya kugonganisha.

Hivyo vijiti viwili tuvitazame zaidi, maana mtu akivielewa ameelewa nusu ya muziki huu. Mlio wake huitwa clave, neno ambalo kwa Kihispania maana yake pia ni ufunguo. Jaribuni wenyewe barazani, watu wawili. Mmoja atembee papo hapo alipo, mguu kwa mguu, akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne. Kila mguu unapokanyaga ni hesabu moja. Wa pili apige makofi. Katika hesabu nne za kwanza anapiga makofi matatu: la kwanza pamoja na moja, la pili katikati ya mbili na tatu, mguu ukiwa bado hewani, la tatu pamoja na nne. Katika hesabu nne za pili anapiga mawili tu, pamoja na mbili na pamoja na tatu. Kisha anarudia toka mwanzo bila kusimama. Mara ya kwanza mtakosana na kucheka. Mkiendelea kidogo mtashangaa: mlio huo mmekwisha kuusikia mara nyingi katika nyimbo za dansi, ila hamkuwa mmeambiwa una jina.

Son ina sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anaeleza habari yake taratibu. Halafu muziki unachangamka, kiitikio kinarudiwarudiwa na mwimbaji anatupia maneno katikati. Waliokuwa wakienda dansini wanaijua sehemu hiyo ya pili. Wanamuziki wetu waliita chemko.

Kama jina lake ni son, mbona lebo zetu zinasema rumba? Hapo pana mchezo wa wafanyabiashara. Katika Kuba yenyewe rumba ni kitu kingine: ni ngoma, vijiti na sauti za watu, gita halimo. Lakini wauza santuri wa Marekani waliona neno rumba linavutia wanunuzi, wakalibandika juu ya son na nyimbo nyingine nyingi za Kuba. Basi neno likasafiri hivyo mpaka kwetu, likiwa limekwisha kupotoka kabla ya kupanda meli.

BOLERO, CHACHACHA NA MAMBO

Bolero ni wimbo wa polepole wa mapenzi, ambao wawili hucheza wakiwa wameshikana. Huu nao ulikulia Santiago, mwishoni mwa karne ya 19. Ukimsikia mwimbaji analalamika kwamba ameachwa, na magita yanakwenda kama mtu anayetembea jioni bila haraka, huenda hiyo ni bolero. (Hispania nayo ina bolero yake, ya zamani zaidi, lakini ile huhesabiwa kwa tatu na hii ya Kuba kwa nne. Jina ni moja, ngoma mbili.)

Chachacha ni ya juzi juzi. Ilitungwa na Mkuba mmoja mpiga fidla, Enrique Jorrín, na santuri yake iliyovuma ilitoka mwaka 1953. Jina limetokana na miguu ya wachezaji inavyokwaruza sakafu: hatua mbili za kutulia, kisha tatu za haraka, cha-cha-cha. Miaka saba tu baadaye ilikuwa imeenea Afrika hii yote. Mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels wakizungumzia uhuru wao, Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walitoa huko huko wimbo wa "Indépendance Cha Cha", na ukapigwa redioni katika nchi nyingi zilizokuwa zikingojea siku yao.

Na mambo je? Mambo ilivuma mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa bendi ya Mkuba Pérez Prado, aliyekuwa akipigia Mexico. Ukiona neno hilo kwenye lebo usifikiri ni kosa la kupiga chapa. Wataalamu wengi wa lugha wanaamini kwamba Wakuba walilipata kwa Waafrika wa Kongo, ambao kwa lugha yao mambu ni maneno au habari. Kumbe mambo ya dansi na "mambo" ya salamu zetu za vijana huenda ni ndugu wa mbali!

Na Hispania yenyewe tuiseme kwa ufupi. Muziki wake unaojulikana zaidi duniani ni flamenco, wa jimbo la kusini la Andalusia: mwimbaji, gita, makofi na kisigino cha mchezaji. Katika nchi hiyo Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia mwaka 711, na dola yao ya mwisho ilianguka mwaka 1492. Waliingia na udi, chombo kile kile kinachopigwa katika taarab, na jina lake la Kiarabu likabaki katika Kihispania kama laúd. Nao Wahispania hawakuacha kuazima. Mabaharia na askari waliorudi toka Kuba walirudi na nyimbo, na mpaka leo katika flamenco kuna kundi zima la nyimbo linaloitwa nyimbo za kwenda na kurudi. Imo hata rumba. Kwa hiyo anayetaka kumtafuta mwenye mali wa kwanza atachoka; kila mlango atakaobisha ataambiwa alitangulia mwingine.

SANTURI YENYE PICHA YA MBWA

Sasa turudi bara letu. Santuri hizi zililetwa hasa na kampuni ya Uingereza ya HMV, ile ya picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Pwani kwetu haikuwa kampuni ngeni. Mwaka 1928 ilimpeleka Siti binti Saad wa Zanzibar mpaka Bombay kurekodi taarab. Mwaka 1933 ikaanza kuuza Afrika mfululizo wa santuri zilizotiwa alama ya herufi GV na namba. Nyimbo zilizokuwemo, nyingi zilikuwa za Kuba. Mmoja uliovuma kupita kiasi ni "El Manisero", yaani Muuza Karanga, wa mtunzi Moisés Simons, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu. Unatokana na sauti ya mchuuzi anayetembeza karanga mitaani. Mtu wa Ngamiani akisikia habari hiyo haoni kama anaambiwa habari za nchi ya mbali.

Mfululizo wa GV uliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Santuri hizo zilifika Matadi na Léopoldville (siku hizi Kinshasa), zikafika Lagos, Mombasa, na huku kwetu. Na watu walizipokea. Kwa nini walizipenda kuliko za Waingereza? Sisi tunaona sababu ni mbili. Ya kwanza, sikio lilikuwa linakumbuka. Manyanga yalikuwa yanajulikana, kuitikiana kulikuwa kunajulikana, na kayamba za Wadigo zilikuwa zikilia kabla ya gramafoni ya kwanza kushuka bandarini. Ya pili, huu haukuwa muziki wa mtawala. Anayevaa suti akacheza wozi alionekana anamwiga bwana wake. Anayecheza rumba alikuwa mtu wa kisasa bila ya kumwiga Mwingereza. Katika miaka ile jambo hilo halikuwa dogo.

Hapa wale wanaosema "ni ya Wakongo" wapewe haki yao. Wakongo walizisikiliza santuri zile zile, wakatengeneza rumba yao kwa Kilingala, na kuanzia miaka ya 1950 santuri zao nazo zikajaa Afrika Mashariki. Bendi zetu zilijifunza kwao pia, hakuna ubishi. Mwezi wa Desemba 2021 rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na wanastahili. Lakini kusema Tanga ilipokea kila kitu toka Kongo si kweli. Wote wawili walikunywa kisima kimoja, kila mtu na kata yake.

TANGA YA MKONGE NA MAGITA

Katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na mkonge mwingi ulipitia bandari ya Tanga. Palikuwa na reli, makarani, makuli, mafundi, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Palikuwa pia na mazoea ya zamani ya vyama vya beni na vya dansi. Mahali kama hapo bendi haikosi wachezaji.

Bendi mbili ndizo zilizoutangaza mji. Ya kwanza ilianzishwa miaka hiyo ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo linakueleza waanzilishi walikuwa watu gani na walifuata nini Tanga. Baada ya uhuru ikabadilisha jina, ikawa Jamhuri Jazz Band. Tazama safari iliyomo katika majina hayo mawili, toka kabila mpaka taifa, bila mtu yeyote kutoa hotuba. Ya pili ilikuwa Atomic Jazz Band, ambayo nayo ilianza miaka ya 1950. Mwanzilishi wake alikuwa John Kijiko, na mtunzi wake aliyesifika sana Stephen Hiza. Mtindo wao waliuita Kiweke.

Neno "jazz" lililo katika majina hayo lisikupoteze. Jazz ya Wamarekani weusi ni kitu kingine. Kwetu lilikuwa na maana ya bendi yenye magita na ngoma za kisasa, basi.

Watu hawa walifanya nini na rumba? Kwanza waliitia Kiswahili, na Kiswahili kilipoingia kilikuja na desturi zake. Mswahili hapendi wimbo usio na neno la kushika. Kwa hiyo ile sehemu ya kwanza, ambayo kwa Wakuba inaweza kuwa habari ya karanga tu, kwetu ikawa mahali pa kisa kamili: mume mlevi, rafiki msaliti, barua isiyojibiwa, wasia wa mama, sifa za nchi mpya. Mashairi yakawa marefu. Chemko ikangoja.

Pili, waligawa kazi ya magita. Gita la solo linaimba juu, gita la ridhimu linajibu katikati, besi linatembea chini. Kila moja likisikilizwa peke yake ni kama halisemi kitu. Yakipigwa pamoja huwezi kulitoa hata moja. Vijiti vya clave bendi nyingi ziliviacha, lakini mlio wake haukupotea. Umehamia kwenye gita la ridhimu, au kwenye tumba. Na hilo neno tumba nalo ni la Kuba, ndilo jina la ngoma yao ndefu inayopigwa kwa viganja. Tumelizoea hata tunadhani ni letu.

Maneno mengine ya Kihispania yalibaki yakielea. Wapo waimbaji wa Kongo na wa huku kwetu walioyaimba bila kujua maana, kwa utamu wa sauti tu. Western Jazz ya Dar es Salaam iliuita mtindo wake Saboso. Wahispania wana neno sabroso, maana yake -enye ladha, tamu. Huko Morogoro, Salum Abdallah aliipenda Kuba mno, hata inasimuliwa kwamba katika ujana wake alitoroka kwao akafika Mombasa, anatafuta meli ya kumpeleka huko. Hakufika. Bendi yake ya kwanza, mwaka 1948, iliitwa La Paloma. Hilo ni neno la Kihispania lenye maana ya njiwa, na pia ni jina la wimbo wa zamani wa Mhispania Sebastián Iradier, uliotungwa kwa mwendo wa Havana. Baadaye bendi ikawa Cuban Marimba. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa ametuachia nyimbo za Kiswahili ambazo hakuna Mkuba angeweza kuzitunga.

Upo ushahidi mwingine kwamba watu walikwisha kuuona muziki huu ni wao. Mwaka 1969 muziki wa soul wa Kimarekani ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam, ati unaharibu utamaduni. Rumba haikuguswa. Hakuna aliyesimama kusema rumba nayo ilikuja kwa meli.

Na toka Tanga muziki ukatoka tena. Ndugu wawili wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaingia Kenya na bendi yao ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaanzisha Les Wanyika. Wakenya wengi waliokulia miaka ile wanaziita nyimbo hizo za nyumbani kwao. Wana haki. Ila ridhimu ile ilikomaa Tanga.

NA TAARAB NAYO

Jambo ambalo halikutokea Kongo, wala Kuba, lilitokea katika taarab. Taarab ya pwani ilikuwa imefuata zaidi Misri, kwa udi, fidla na kanuni. Katika miaka ya 1960 chama cha Black Star Musical Club cha Tanga kikaingiza gita la umeme, besi na bongo, na kikauweka utenzi wa taarab juu ya mwendo wa rumba na ndugu zake. Lucky Star Musical Club wakafuata njia hiyo hiyo. Shakila Said, aliyeimba katika vyama vyote viwili, akajulikana nchi nzima, na mtindo huo wa Tanga ukaigwa Mombasa na ukasikika mpaka Bujumbura. Bi Shakila alifariki mwaka 2016.

Walikuwepo waliolalamika, na hata leo wapo, kwamba Tanga iliichafua taarab. Tumewasikiliza. Mtu aliyezoea kukaa kwenye kiti na kusikiliza neno baada ya neno ana haki ya kukasirika anapoona watu wanainuka kucheza. Lakini sisi hatukubaliani nao. Shairi halikupunguzwa, mafumbo hayakuondolewa. Kilichoongezwa ni mwendo. Na katika kikundi kimoja udi na gita vilikutana tena, vitu viwili vilivyokwisha kukaa pamoja Andalusia zaidi ya miaka 500 nyuma. Waliovikutanisha walikuwa watu wa Tanga, waliokuwa wanatafuta namna ya kupendeza arusini.

MAJINA YASIYOANDIKWA

Irudie ile santuri yako. Jina la bendi lipo. Jina la mtunzi pengine lipo, pengine limekosewa herufi. Nani alipiga solo? Nani alipiga besi? Nani aliitikia? Lebo haisemi. Kampuni za Nairobi ziliandika yale yaliyotosha kuuza, na wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, wakarudi nyumbani. Nyimbo nyingine zilirekodiwa na Redio Tanzania na hazikupata kuwa santuri kabisa.

Hili si jambo la kumbukumbu tu. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo haki ya mtunzi haifi naye. Warithi wake wanaendelea nayo kwa miaka mingi. Lakini mjane au mtoto atadai nini ikiwa hakuna mahali jina la marehemu limeandikwa, na wenzake waliopiga naye wamekwisha kuondoka? Wimbo unapigwa redioni, unauzwa upya ng'ambo, na nyumbani hakuna hata karatasi.

Kwa hiyo kama kijijini kwako yupo mzee aliyepiga bendi, au aliyekuwa akibeba vyombo, au bibi aliyekuwa mwitikiaji wa taarab, chukua daftari umfuate. Usianze na maswali makubwa. Soma lebo kwa sauti, umtajie wimbo, umwache aseme. Andika jina la kila aliyepiga, chombo chake, kwao wapi, walirekodia wapi na mwaka gani au wakati wa tukio gani. Andika pia namba ya santuri, ile ndogo iliyo chini ya jina la kampuni, kwa sababu nyimbo zenye jina moja ni nyingi lakini namba ni moja. Mwisho msomee ulichoandika, asahihishe, wewe uweke tarehe. Ikiwa una simu ya kurekodi sauti, rekodi. Lakini daftari usiliache.

Na santuri yenyewe itunze. Zile nzito, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, hupasuka kama sahani ya udongo zikianguka. Usizisafishe kwa spiriti, zitayeyuka uso. Kitambaa laini kilicholowa maji kidogo kinatosha, na lebo isilowe. Zile ndogo nyepesi za mara 45, ambazo bendi za Tanga za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia zaidi, hazipasuki ovyo lakini hupinda kwa jua. Zote zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, na zikae mbali na dirisha. Ukipata gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, badilisha sindano ya chuma kila unapogeuza upande. Sindano iliyokwisha hukwangua mfereji, na sauti ikishakwanguliwa hairudi.